Shahidi Aliyefungua Kinywa

Ipo nchi moja ambayo haipo. Ni vyema kulisema hilo mapema, msomaji asije akahangaika kuitafuta kwenye ramani, au akafungua dirisha lake na kudhani ameiona.

Nchi hiyo ilikuwa na ziwa kubwa, samaki wengi na amani tele. Amani yake ilitokana na utaratibu mmoja ulioachwa na waasisi, ulioitwa Kuhesabu Tatu. Jambo lolote likisemwa mbele ya kikao chenye karani, huhesabiwa moja, mbili, tatu. Asiyepinga kabla ya tatu amekubali. Na jambo likishapita limepita, halirudi, hata aliyelipitisha akilia machozi. Sheria haikutaja nani ahesabu. Haikuonekana haja, kwa kuwa siku zote aliyehesabu alikuwa yule mwenye kiti na kipaza sauti.

Kwa utaratibu huo nchi ilipata katiba asubuhi moja kabla ya chai, na Mlezi wa Taifa alichaguliwa mara saba bila karatasi hata moja kuchafuliwa kwa wino. Wageni walishangaa jinsi watu wa pale walivyopatana.

Basi siku moja ikaja barua kutoka ng'ambo. Wanunuzi wa minofu waliuliza swali moja tu: je, samaki wenu huumia wanapovuliwa, na kama wanaumia mnafanya nini? Bila jibu lenye muhuri, waliandika, hatutapokea tena mnofu wenu.

Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu. Swali lilikuwa gumu kwa sababu lilikuwa geni. Katika nchi ile hakuna kiumbe aliyewahi kuulizwa kama anaumia, na haikujulikana hata ni wizara gani inayohusika. Wizara ya Afya ilisema yenyewe hushughulika na majengo ya hospitali. Wizara ya Uvuvi ilisema yenyewe hushughulika na nyavu, na kilichomo ndani ya nyavu ni suala la biashara. Mwishowe ikaundwa Tume ya Taifa ya Maumivu ya Samaki, na mtu mmoja akakumbuka kwamba chuoni kulikuwa na binti aliyeandika jambo kuhusu habari hizo.

Binti mwenyewe aliitwa Kabula Nshoma. Alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada moja ya elimu ya samaki, na tumaini ambalo lilikuwa bado halijatumika. Tasnifu yake ya kurasa themanini na tatu ilihusu maumivu ya sato. Tangu ahitimu alikuwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, akimsaidia mama yake kuparua magamba na kusubiri ajira.

Mama yake, Bi Mbuke, alikuwa amekaanga samaki pale kwa miaka ishirini, na alikuwa na mtindo wake. Samaki akifika mezani angali akitweta, kabla hajamgusa gamba, alichukua mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu akampiga mara moja katikati ya macho. Ko. Hapo ndipo alipoanza kazi. Wenzake walimcheka. Wao waliparua tu, samaki akirukaruka mikononi, na siku ikaenda.

Kabula alipokuwa na miaka saba alimuuliza sababu.

"Kiumbe usimcheleweshe," mama alijibu.

"Kwani anaumia?"

"Nitajuaje? Sijawahi kuwa samaki. Lakini kama nakosea, heri nikosee upande huu."

Jibu hilo ndilo lililozaa kurasa themanini na tatu.

Barua ya Tume ilipofika, Kabula aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili ikiwa kwa ajili ya kujiamini. "Mama, serikali inataka kujua kama samaki anaumia."

Bi Mbuke aligeuza sato kwenye mafuta. "Haya. Mgongo huu una miaka tisa unanitesa, hawajauliza. Wameanza na samaki. Si mbaya, pengine wanakwenda kwa zamu."

"Usifanye mzaha, mama. Wakikubali, kila mtumbwi utakuwa na rungu dogo. Samaki hatatapatapa tena juani nusu saa nzima. Hawatakoma kuvua, wala sisi hatutakoma kukaanga. Ni jambo dogo tu, linawezekana."

"Nenda, mwanangu. Vaa kile kitenge kipya. Na wakikupa kiti, tazama kwanza kama kina miguu."

*

Jengo la Tume lilisanifiwa na mhandisi mzalendo aliyeupenda sana mgono, ule mtego wa fito ambao samaki huingia kwa mlango mpana, hupita shingo nyembamba, kisha haoni tena njia aliyojia. Milango yote ilifunguliwa kwa kusukumwa kutoka nje. Kwa ndani haikuwa na vitasa. Aliyetaka kutoka alisubiri mtu mwingine aingie, akachepuka kabla mlango haujajifunga. Watumishi walishazoea. Walikuwa wakisimama karibu na milango, wakiwa na mafaili mkononi, na uso wa mtu anayefikiri.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Balthazari Kigombe, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alikuwa ameziongoza tume kumi na nne na hakuna hata moja iliyogundua tatizo. Kando yake alikaa karani Sospeta, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote nchini.

Kabula alieleza utafiti wake. Alieleza jinsi alivyowadondoshea sato kumi na mmoja tone la siki mdomoni, na kwamba aliwaomba radhi mmoja mmoja. Wajumbe walicheka. Alieleza jinsi walivyosugua midomo yao kwenye mchanga wa tangi na kukataa chakula. Kisha akaeleza jinsi alivyotia dawa ya ganzi upande mmoja wa tangi, upande wenye mwanga mkali ambao sato huuchukia. Samaki wazima walibaki gizani. Wale wenye siki walihamia kwenye mwanga.

"Anayeumia hutafuta nafuu," alimalizia, "hata kama hana sauti ya kuiomba."

Mwenyekiti alifuta miwani.

"Kwa niaba ya Tume," alisema, "kwa niaba yangu binafsi, na kwa niaba ya kiti ninachokikalia, napenda kutamka kwamba tumeguswa. Tumeguswa sana. Lakini binti yangu, haya uliyotuletea ni mambo ya kusikia. Maumivu ni mali ya mwenye nayo. Leo tukiruhusu wewe uumie kwa niaba ya samaki, kesho atakuja mtu hapa kuumia kwa niaba ya kijiji kizima, na nchi haitakalika. Mhusika aitwe."

Hati ya wito ikaandikwa. Sospeta akapelekwa ziwani kwa boti, akaisoma mara tatu akiyatazama maji, kisha akatumbukiza nakala. Ilizama, kwa hiyo ilihesabika imepokelewa. Keshoye alifika sato mmoja ndani ya beseni la bluu lenye maji kidogo, akisindikizwa na askari wawili. Muda wa kiapo ulipofika, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuinua, aliinuliwa yeye mzima.

"Shahidi," Mwenyekiti alimuuliza akiwa hewani, "unaumia?"

Sato alitanua matamvua.

"Ninakuuliza mara ya pili, na uwe huru kabisa, hapa hakuna anayekutisha. Unaumia?"

Askari alimshika vizuri zaidi, maana alikuwa anateleza.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Unaumia?"

Sospeta aliandika, kisha akasoma alichoandika kama sheria inavyotaka: "Shahidi alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Hakuna neno lililosikika."

"Imeeleweka," alisema Mwenyekiti. "Azimio: samaki wa nchi hii hawaumii. Mwenye pingamizi? Moja, mbili, tatu."

Hapa lazima kusema ukweli kuhusu Kabula. Alikuwa amelelewa vizuri. Alifundishwa kwamba mkubwa hakatizwi, kwamba mtu hasimami akiwa na karatasi mapajani, kwamba kiti hakiburuzwi mbele ya wazee. Kwa hiyo alipanga kwanza karatasi zake, akanyoosha kitenge, akainua kiti kidogo kisipige kelele, akasimama, akaweka mkono wa kulia juu.

"Samahani, wazee wangu, nina pingamizi."

"Ulikuwa nne, binti yangu," alisema Mwenyekiti kwa huruma. "Hapa hatuhesabu nne."

Na Sospeta akaandika kwamba azimio limepita kwa kauli moja, mtaalamu akiwemo.

Chakula cha mchana kililetwa humohumo ukumbini. Kikao hakikuwahi kuahirishwa kwa ajili ya chakula, kwa sababu kuahirisha kulihitaji azimio, na hakuna aliyetaka kupoteza muda wa kula. Shahidi naye alirudi, akiwa na nyanya na limau. Mwenyekiti alimgeuza ubavu wa pili, akasema kwamba katika miaka yake yote hajaona shahidi mwema kama huyu. Kabula hakula.

*

Asubuhi iliyofuata redio ilitangaza kwamba nchi imepata kanuni mpya ya kisayansi. Iliitwa Kanuni ya Kabula, nayo ilikuwa fupi: asiyelalamika ndani ya hesabu ya tatu haumii.

Kabula aliteuliwa Mkurugenzi wa Idara ya Kutoumia. Alipewa ofisi na muhuri mzito wa shaba uliofungwa kwenye mnyororo, auvae shingoni. Muhuri ulikuwa na maneno mawili: HAKUNA MAUMIVU. Kazi yake ilikuwa kuugonga kwenye cheti cha kila shehena ya minofu.

Usiulize kwa nini alikubali. Yeye mwenyewe alijiuliza mara nyingi. Alijiambia kwamba aliye ndani ya nyumba ndiye anayeweza kufungua dirisha. Alipofika ofisini alikuta haina dirisha.

Hata hivyo alijaribu. Kila juma aliandika barua moja kwa Tume kuhusu yale marungu madogo. Kila juma alijibiwa kwa shukrani. Barua yake ya kumi na moja ilirudi ikiwa imegongwa muhuri, na muhuri ulikuwa wake.

Wakati huohuo Kanuni ya Kabula ilikuwa ikisafiri. Ilianza hospitali, ambako mgonjwa aliulizwa mara tatu huku kipimajoto kikiwa mdomoni. Ikaenda shuleni kwa walimu, ambao waliulizwa kwa barua, na barua zikachelewa. Ikafika kwenye kijiji kimoja kilichotakiwa kupisha sanamu ya Mlezi. Watu wa kijiji waliulizwa na afisa aliyesimama karibu na tingatinga linalonguruma, na taarifa ikasema kwamba hawakuonyesha maumivu yoyote. Taarifa hiyo ililetwa kwa Mkurugenzi ili igongwe.

Baadaye ikaonekana kwamba neno "pole" ni hatari. Kumwambia mtu pole ni kudai kwamba anaumia, nako kudai hivyo ni kuipinga sayansi. Neno likapigwa marufuku. Mtu aliyeangukiwa na tofali aliangaliwa tu, kisha watu wakaendelea na safari. Salamu haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa tayari ya kiserikali: mtu aliulizwa hujambo na akajibu sijambo, hata kama amebebwa kwenye machela.

Kabula aliamua kuacha kazi. Alijaza fomu. Sababu pekee iliyokubalika ya kuacha kazi ilikuwa maumivu, na maumivu yalipaswa kuthibitishwa na Mkurugenzi wa Idara ya Kutoumia. Alikaa mbele ya fomu yake mwenyewe, muhuri mkononi. Ulikuwa na maneno mawili tu.

Akasimama karibu na mlango akiwa na faili, kama wengine, akisubiri mtu aingie.

*

Aliyeingia alikuwa Sospeta.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema, akitazama viatu vyake, "kesho kuna kesi. Wakaguzi wamemkamata mama mmoja mwaloni. Walikuwa wanapita wakasikia 'ko'. Wakarudi nyuma, wakasikia tena 'ko'. Shtaka ni Kuashiria Maumivu kwa Kutumia Mchi."

Kabula hakuuliza jina la huyo mama.

Kesho yake Mwenyekiti alimwita pembeni kabla ya kikao, akamshika bega. "Binti yangu, mimi ni mzazi. Jambo hili dogo. Wewe ndiye mtaalamu wa taifa, neno lako ndilo ushahidi. Sema mama alikuwa anatwanga kitunguu saumu, samaki akapita chini ya mchi."

"Samaki akapita?"

"Samaki hupita. Ni desturi yao. Ukisema hivyo, mama anarudi leo kwenye meza yake. Ukisema vingine, hatakanyaga tena mwalo wowote wa nchi hii, na sitakuwa na la kufanya. Si mimi, ni kanuni. Na kanuni ni yako."

Bi Mbuke alikuwa kwenye benchi la korido, kanga mabegani, amekaa upande kwa ajili ya mgongo. Kabula alikaa karibu naye. Muhuri uligonga benchi.

"Wamekuambia kitunguu?" mama aliuliza.

"Nawe wamekuambia?"

"Askari alinifundisha njia nzima. Mpaka akanipa na maneno ya kulia."

"Mama, nikisema kitunguu unarudi leo."

"Nirudi nikafanye nini? Miaka ishirini nampiga yule kiumbe ili asiteseke. Leo useme nilimpiga kwa bahati mbaya? Hapo ndipo nitakuwa nimemkosea."

"Na wakikufukuza mwaloni utaishije?"

"Nitakaanga mihogo. Nayo nitaipiga kwanza, tuone watanishtaki nini." Akamtengeneza mwanawe kitenge begani, kilekile cha siku ile ya barua. "Ila usinifanye mimi ndiyo sababu, Kabula. Ukitaka kusema kitunguu, sema kwa kuwa wewe unakiamini."

Kabula alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, lakini korido ilikuwa na mkaguzi, na yote mawili yalihitaji kibali.

*

Ukumbi ulijaa. Wauza samaki wa mwaloni walikuwa wameletwa kwa lori kuja kujifunza. Mezani kulikuwa na vielelezo viwili: mchi mdogo uliong'aa kwa miaka ya kushikwa, na sato hai ndani ya lile beseni la bluu. Maji yalikuwa machache. Mgongo wake ulionekana.

"Mtaalamu wa taifa," alisema Mwenyekiti, "tueleze. Samaki anaumia?"

Safari hii Kabula hakupanga karatasi. Kiti kilipiga kelele, na alikuwa wima kabla mtu hajafikiria kuhesabu.

"Anaumia," alisema. "Nilijua siku ya kwanza na nikachelewa kusema, na tangu siku hiyo nimegonga muhuri juu ya uongo. Mama yangu hakuwa anatwanga kitunguu. Alikuwa anampunguzia kiumbe dakika za mateso, na hajamzuia mtu kula. Kijiji kile kiliumia. Wagonjwa wanaumia. Na mimi naumia. Nimelisema kwa sauti, mbele ya karani, kabla ya moja."

Sauti yake ilifika mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akitabasamu kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Karani, soma."

Fomu ya ushahidi ilikuwa ya Tume, na ilikuwa na visanduku viwili tu: Hapana, na Kimya. Sospeta aliitazama kwa muda mrefu. Akatia alama kwenye Kimya. Kisha akasoma bila kuinua uso.

"Shahidi alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Hakuna neno lililosikika."

"Imeeleweka. Mshtakiwa asikanyage tena mwalo wowote. Mchi ni mali ya serikali. Mwenye pingamizi? Moja..."

"Napinga," alisema Kabula. Alisema kwenye moja, akasema kwenye mbili, akasema kwenye tatu. Mwenyekiti alisubiri kwa heshima mpaka kimya kirudi, akagonga meza.

Hukumu ilihitaji muhuri. Uligongwa. Mkono uliougonga ulikuwa wa Kabula. Askari alikuwa ameushika tu kwenye kifundo.

Bi Mbuke alimtazama mwanawe. "Nimekusikia," alisema taratibu. "Hata wale wa nyuma wamesikia. Keti, utajichosha."

Sospeta alimgeukia yule mama. Midomo yake ilitengeneza lile neno lililokatazwa, ikaliacha bila sauti.

Saa saba chakula kikaletwa. Hakuna aliyetoka, kwanza kwa sababu kikao hakikuahirishwa, pili kwa sababu hakuna aliyekuwa akiingia. Wajumbe walipewa sahani zao, sato mzima kwa kila mmoja. Kisha Mwenyekiti akaelekeza kidole kwenye beseni la bluu, maana kielelezo kikishatumika hakiachwi kiharibike. Mpishi alimtoa sato, akamlaza juu ya meza ya pembeni, akaanza kumparua akiwa hai. Magamba yaliruka. Sato alijipiga ubaoni, pa, pa, pa, na ukumbi mzima ukasikiliza huku ukijitahidi kuonekana hausikilizi.

Bi Mbuke aliinuka. Alikwenda kwenye meza ya vielelezo bila haraka, kama mtu anayekwenda jikoni kwake, akachukua mchi.

Ko.

"Kiumbe usimcheleweshe," alimwambia mpishi. "Sasa endelea, baba."

Askari hawakusogea. Hakuna kanuni iliyosema nini kifanyike mtu akirudia kosa lake ndani ya kikao cha kosa hilohilo. Waliwatazama wajumbe wapate amri. Wajumbe nao, na Mwenyekiti wao, walikuwa wanakula, na aliyewahi kula sato anajua: miiba yake ni mingi na myembamba, na mtu akishatia tonge mdomoni hawezi kusema upesi bila kuhatarisha koo lake. Vinywa vyote kumi na viwili vilikuwa vimejaa.

Kabula aliviona. Aliona pia kwamba kikao hakikuahirishwa, na kwamba karani alikuwa na kalamu mkononi. Akakumbuka kwamba sheria haikutaja nani ahesabu.

Alisimama. Alinyoosha kitenge, akainua kiti kidogo kisipige kelele.

"Samahani, wazee wangu," alisema kwa adabu yake yote. "Azimio: samaki anaumia, na asiye na sauti asihesabiwe kuwa hana maumivu. Mwenye pingamizi? Moja."

Mwenyekiti alikodoa macho. Alitafuna haraka, akasita, akaanza kuutafuta mwiba kwa ulimi.

"Mbili."

Hakuharakisha. Alimpa kila mmoja muda wake, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyowapa wakubwa. Nyuma kabisa, wauza samaki walikuwa wameacha kupumua. Mwenyekiti aliinua kidole juu, akakitikisa, akapigapiga kifua.

"Tatu."

Palikuwa kimya mpaka yakasikika maji yaliyobaki kwenye beseni. Milango haikufunguka. Muhuri ulikuwa bado shingoni mwa Kabula, na mama yake alikuwa bado ameshika mchi wa serikali.

"Imepita," alisema Sospeta. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyoitarajia. Aliandika azimio lote kwa mwandiko wake mzuri, neno kwa neno, akalipigia mstari chini. Kisha akainua uso.

"Na kuhusu Mheshimiwa Mwenyekiti niandike nini?"

"Andika ulichokiona," alisema Kabula.

Sospeta akachovya kalamu, akaandika, na kama sheria inavyotaka akasoma kwa sauti: "Mwenyekiti alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Hakuna neno lililosikika."